Mtoto mwenye kigugumizi asichekwe: Funzo alilotuachia marehemu James Earl Jones

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe rambirambi zangu, ingawa zimechelewa, na baada ya rambirambi hizo niseme machache kwa waalimu wenzangu na kwa wazazi. Mwigizaji mkongwe wa Marekani, Mzee James Earl Jones, alifariki dunia tarehe 9 Septemba, 2024, nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 93. Tangu siku ile mengi yamesemwa juu yake. Wengi wameisifu sauti yake, na ni haki yao, maana sauti ile nzito ilikuwa haina mfano. Lakini naona liko jambo moja ambalo hutajwa haraka haraka na kupitwa, nalo ndilo linalotuhusu sana sisi tunaoshika chaki.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu yule ambaye sauti yake ilijulikana dunia nzima, alipokuwa mtoto wa shule alikuwa hasemi.

Kwa wasomaji ambao jina lake ni geni, pengine sauti yake si ngeni. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, yaani Mfalme Simba. Ndani yake yumo mfalme Mufasa, anayemlea mwanawe kwa upole na kumfundisha wajibu wa kutawala, halafu anauawa kwa hila na ndugu yake mwenyewe. Sauti ya Mufasa ni ya Mzee Jones. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kuikumbuka filamu ile, maana majina kadhaa yaliyomo yalichukuliwa katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi. Hata fisi jike mmoja wakampa jina la Shenzi, neno ambalo hapa kwetu mtoto akilitamka mbele ya mama yake atakiona cha mtema kuni. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2019, wahusika wakuu wengine walipewa sauti mpya, lakini kwa Mufasa hawakupata wa kumbadili. Alirudi yeye yule, mzee wa miaka 88.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, ilitoka filamu ya Star Wars, yaani Vita vya Nyota. Yumo adui mmoja mrefu, amevaa mavazi meusi na kinyago, anapumua kwa mkoromo wa kutisha. Huyo ni Darth Vader. Aliyevaa mavazi yale mbele ya kamera alikuwa Mwingereza David Prowse, mnyanyua vyuma, lakini mtengenezaji wa filamu, George Lucas, alitaka sauti nyingine, nzito zaidi. Akaitwa Jones. Alifanya kazi kwa saa chache tu akalipwa dola 7,000. Filamu ikaingiza mamilioni kwa mamilioni. La ajabu ni kwamba Jones mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe katika filamu ile wala katika ile iliyofuata ya mwaka 1980. Alisema yeye alikuwa ni sehemu tu ya ufundi wa sauti, na kwamba mwenye kuigiza alikuwa ni yule mwenzake aliyevaa mavazi. Ni wangapi kati yetu wangekataa jina lao lisiandikwe?

Alipofariki, Mark Hamill, aliyeigiza kama mwana wa Darth Vader, alimuaga hadharani kwa kumwita baba. Watu wengine wengi ambao hawakuwahi kumwona kwa macho walimlilia vivyo hivyo. Wapo wanaouliza: Je, ni akili kweli kumlilia mtu usiyemjua, wa nchi ya mbali, ambaye hata mkono hukuwahi kumpa? Mimi nasema si jambo la kushangaza. Uso wa mtu huonwa na anayeutazama, lakini sauti huingia nyumbani bila kubisha hodi. Inamkuta mama jikoni, inamkuta mtoto kitandani. Wazazi wetu waliwalilia watangazaji wa redio ambao hawakuwahi kuona hata picha zao. Mtoto aliyeketi mwaka 1994 akamsikia Mufasa akizungumza na mwanawe, leo ni mzazi mwenye watoto wake. Akisikia kwamba mwenye sauti ile amefariki, ni kama amefiwa na mtu wa nyumbani.

Basi turudi kwenye utoto wa mzee huyu.

MIAKA MINANE YA UKIMYA

James Earl Jones alizaliwa tarehe 17 Januari, 1931, katika kijiji cha Arkabutla, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, ambako wakati huo ndugu zetu weusi walikuwa wakiishi chini ya sheria za ubaguzi. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka nyumbani mapema sana, na baadaye akawa mwigizaji naye. Mtoto alilelewa na babu na bibi wazaa mama. Alipokuwa na miaka 5 wazee hao waliondoka kusini wakahamia shamba katika jimbo la Michigan, kaskazini, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbia dhiki na dharau za kusini.

Uhamisho ule ulimtikisa mtoto. Akashikwa na kigugumizi kikali. Alipoona kwamba kila akifungua kinywa watu wanacheka, aliamua kukifunga. Kwa muda wa karibu miaka 8 alikuwa kama bubu mbele ya watu. Shuleni alijibu kwa kuandika. Nyumbani aliongea na wanyama wa shambani, maana ng'ombe na kuku hawamcheki mtu. Nawaomba waalimu wenzangu wasimame kidogo hapa. Miaka 8 ni muda unaotosha mtoto kuingia darasa la kwanza na kufika la nane! Muda wote huo sauti ile iliyokuja kutikisa dunia ilikuwa imefungiwa ndani ya kifua cha mtoto, na hakuna aliyejua kwamba imo.

Alipofika sekondari alikutana na mwalimu aitwaye Donald Crouch, mtu aliyependa mashairi. Mwalimu huyu aligundua kwamba kijana yule asiyesema anaandika mashairi kwa siri. Siku moja kijana aliandika shairi la kulisifu balungi. Msicheke, ndugu wasomaji. Mabalungi yalikuwa yamefika kwao wakati wa baridi kali kama msaada wa chakula, na ladha yake ilimfurahisha mno. Mwalimu akalisoma, akamwambia kwamba shairi ni zuri, tena zuri kiasi cha kutia shaka kama kweli ameliandika yeye. Kama ni lako, akamwambia, simama mbele ya wenzako ulighani kwa kichwa.

Kijana akasimama. Akalighani shairi lake tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Darasa likashangaa, na yeye mwenyewe akashangaa zaidi. Tangu siku hiyo Mwalimu Crouch aliendelea kumpa mashairi ya kusoma kwa sauti, akamwingiza katika midahalo na mashindano ya kusema mbele ya watu. Kijana akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alikwenda akikusudia kusomea udaktari, akaishia kwenye maigizo.

Hayo mengine ni historia. Alitumikia jeshi, akahamia New York, akawa anafagia na kusafisha ili apate kula huku akijifunza uigizaji. Mwaka 1968 aliigiza katika tamthilia ya The Great White Hope, iliyotokana na maisha ya Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Mwaka 1969 akapewa tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya waigizaji wa jukwaani huko Marekani. Tamthilia hiyo ilipofanywa filamu mwaka 1970, akawa mtu mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 1987 alipata tena Tony kwa tamthilia ya Fences, ambamo aliigiza kama mzoa taka aliyewahi kuwa mchezaji hodari, anayegombana na mwanawe. Mwaka 2011 akapewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway uliojengwa mwaka 1912 ukaitwa kwa jina lake. Mtoto aliyekuwa hathubutu kuomba ruhusa ya kwenda nje, leo jina lake limeandikwa kwa taa juu ya mlango wa ukumbi wa maigizo.

HAKUPONA, ALIJIFUNZA

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipotosha. Husemwa kwamba Jones aliponyeshwa kigugumizi na shairi. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Alieleza hata uzeeni kwamba hakupona, bali alijifunza kuishi nacho, kuchagua maneno, na kuyapima kabla hajayatoa. Ule utaratibu wa kusema pole pole, ule uzito wa kila neno ambao mashabiki waliupenda, kwa sehemu ulitokana na vita yake ya kila siku na ulimi wake. Kwa hiyo wanaomsifu kwa sauti aliyojaliwa tu wanampunja. Sauti alijaliwa, ndiyo, lakini usemi aliufanyia kazi.

Hivyo haishangazi kwamba aliijua thamani ya sauti yake. Mwaka 2022, alipokuwa na miaka 91, ilijulikana kwamba ametoa ridhaa sauti yake ya zamani itumiwe na mitambo ya kompyuta, ili Darth Vader aendelee kusema katika filamu mpya bila yeye kwenda studio. Wapo waliofurahi, na wapo waliosema kwamba mitambo hiyo itawanyang'anya waigizaji kazi. Mjadala huo bado ni mkubwa. Lakini ridhaa aliitoa mwenyewe akiwa hai. Sauti ni mali ya mwenyewe, kama lilivyo shamba la mtu. Nauliza sasa: kama sauti ni mali, yule mtoto anayechekwa darasani hadi akanyamaza, nani aliyemnyang'anya mali yake?

HALI ILIVYO KWETU

Kigugumizi si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchawi, wala si dalili ya ujinga. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5, na mara nyingi huonekana katika ukoo. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watoto 100, kama 5 hupitia hali hiyo kwa wakati fulani, na wengi wao huachana nayo wakikua. Hubaki kama mtu 1 katika kila watu 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kwa hesabu hiyo, shule yenye watoto 800 yaweza kuwa na watoto kama 8 wa aina hii. Kila mwalimu anayesoma barua hii na ajiulize: wa kwangu wako wapi? Akiwa hawajui, basi ajue kwamba wamekwisha jifunza kunyamaza.

Nimepata kuona katika shule moja, ambayo sitaitaja, mtoto wa darasa la tatu akiulizwa mara saba nane. Jibu alikuwa nalo. Mdomo ulikuwa ukitetemeka kwa herufi ya kwanza ya "hamsini". Darasa likaanza kumwigiza. Mwalimu naye akacheka, kisha akamchapa kiboko kimoja kwa kosa la kuchelewesha somo. Tangu siku hiyo mtoto yule akawa anajibu "sijui" kwa kila swali, maana neno hilo lilimtoka upesi. Katika ripoti ya mwisho wa mwaka aliandikiwa kwamba ni mzito wa kuelewa. Ndugu Mhariri, hesabu zake za kuandika zilikuwa sahihi karibu zote!

Huko nyumbani nako mambo si mazuri. Mtoto hupewa jina la kebehi, na mwisho jina hilo ndilo humwitia hata dukani. Mjomba humwambia, "Sema upesi, tuna kazi." Wengine humkatiza na kumalizia maneno yake, wakidhani wanamsaidia. Nao watoto wale wale jioni watakwenda kwenye kibanda cha video, watamsikia Mufasa, na wataiga sauti yake njia nzima wakirudi nyumbani.

TUFANYE NINI?

Najua yatakayosemwa. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani atasema hana nafasi ya kumngoja mmoja. Nami nafundisha darasa la aina hiyo, sisemi kutoka ofisini. Lakini kumngoja mtoto amalize neno ni muda wa nusu dakika. Sisi hupoteza zaidi ya hapo kutafuta kifutio. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana, na huku vijijini hatuwaoni. Kwa hiyo liko jukumu letu, nalo halihitaji fedha.

Kwanza, anapojibu, tumtazame usoni kama tunavyowatazama wengine, tungoje, wala tusimmalizie neno. Kumwambia "tulia" au "vuta pumzi" mbele ya wenzake humwongezea hofu. Pili, atakayemcheka mwenziwe aonywe papo hapo, na mwalimu awe wa kwanza kujizuia. Tatu, tutumie silaha tuliyo nayo tayari. Ni jambo linalojulikana kwamba mwenye kigugumizi akiimba, au akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, mara nyingi hakwami. Sisi tunazo nyimbo, tunayo mashairi, tunazo ngonjera. Mtoto aanze kwa kughani pamoja na darasa, kisha na wenzake watatu, kisha na mmoja, na akipenda mwenyewe, siku moja aghani peke yake.

Nasema akipenda mwenyewe kwa makusudi. Mwalimu asije akasoma habari za Crouch, kesho yake akamsimamisha mtoto mbele ya shule nzima kwa ghafla akitegemea muujiza. Hiyo itakuwa adhabu. Crouch alikuwa amemjua kijana wake. Maneno aliyompa kusema yalikuwa ya kijana mwenyewe, tena aliyajua kwa moyo, na yalihusu kitu alichokipenda. Dawa ilikuwa ni kule kujuana, shairi lilikuwa kijiko tu.

Katika darasa langu la nne yumo mtoto wa kike mwenye hali hii. Tulianza na ngonjera yenye kiitikio cha watu wote. Sasa ana mistari miwili ya kwake. Sisemi amepona, maana ana siku nzuri na siku mbaya. Lakini siku hizi hunyoosha kidole, naye akisimama wenzake hunyamaza, kwa sababu wanajua kwamba anachosema kina maana.

Kwa wazazi ombi langu ni dogo zaidi. Msimchape mtoto kwa sababu ya ulimi wake. Msimpe jina. Mtengeeni dakika chache kila jioni aseme habari zake za mchana mbele ya mtu asiye na haraka. Bibi mmoja mwenye subira huweza kufanya kazi kubwa hapo.

Wapenzi wa Mzee Jones wanauliza wamuenzi kwa namna gani. Wengine wametazama tena filamu zake, na hilo ni jema. Niongeze neno moja. Malkia Sarabi, mke wa Mufasa katika filamu ile ya 1994, sauti yake ilitolewa na Madge Sinclair, mama wa Kijamaika aliyekuwa mwalimu kabla ya kwenda New York kuigiza. Na sauti ya mfalme mwenyewe ilifunguliwa na mwalimu wa shule ya mashambani. Mwalimu Crouch hakupata Oscar wala Tony, na ukumbi wa Broadway hauna jina lake. Alichofanya ni kusoma daftari la mtoto aliyenyamaza, akauliza, kisha akangoja jibu. Kazi hiyo kila mmoja wetu anaweza kuifanya kesho asubuhi kipindi cha kwanza.

Mungu amlaze marehemu mahali pema. Nangoja kwa hamu mawazo ya waalimu wengine juu ya jambo hili.

Wako,
Mwalimu wa Shule ya Msingi, Kijijini.